Kutoa malkia si kamari: somo la shambulio kwa wacheza dame wa Beni na Butembo

Ukipita jioni mbele ya duka au kwenye parkingi ya pikipiki mjini Beni, si ajabu kukuta watu wamezunguka ubao wa dame. Kete ni vifuniko vya chupa: vya mmoja vimelala kifudifudi, vya mwenzake vimeangalia juu. Wachezaji wenyewe wako kimya, wenye kupiga kelele ni watazamaji. Halafu mmoja anasukuma kete yake mbele ya mdomo wa adui, bila ulinzi wowote. Mwenzake anaitazama na kukuna kichwa. Anajua kuna mtego, lakini hana ruhusa ya kukataa, maana katika dame kula ni lazima. Anakula moja. Mpinzani anaruka juu ya tatu, na watazamaji wanacheka mpaka wapita njia wanageuka.

Mtu anayeelewa ujanja huo wa kutoa moja ili kula tatu ameshaelewa nusu ya jambo linalosifiwa sana katika mchezo wa sataranji, ule ambao wengi wetu tuliusikia shuleni kwa jina la Kifaransa, échecs. Jambo hilo ni kutoa malkia, kete yenye nguvu kuliko zote, ili kumkamata mfalme.

Nusu ya pili ndiyo ngumu. Katika sataranji kula si lazima. Ukimpa adui malkia wako naye akaona mtego, anaweza kukuacha hivyo hivyo na kuendelea na kazi zake. Basi wale mabingwa waliotoa malkia wakashinda, walimlazimishaje mwenzao ale?

Ubao ni uleule, kete ni nyingine

Kwanza tuweke ubao. Sataranji inachezwa kwenye miraba 64, nane kwa nane. Mwenye ubao wa dame wa miraba 100 anaweza kufunika mistari miwili ya upande na miwili ya juu kwa karatasi, na ubao uko tayari. Safu za kwenda mbele zinaitwa kwa herufi, kutoka a mpaka h, na mistari ya kukata inahesabiwa kutoka 1 mpaka 8. Kwa hiyo kila mraba una jina lake, kama nyumba yenye avenyu na namba: e4, g8, h7.

Kila mchezaji ana kete 16: pioni wanane, minara miwili, farasi wawili, maaskofu wawili, malkia mmoja na mfalme mmoja. Askofu, anayekwenda kishoto-shoto, Wafaransa wanamwita fou, yaani mwendawazimu. Malkia wanamwita dame, na hapo ndipo wapenzi wa vifuniko vya chupa wanachanganyikiwa. Ukimsikia mwalimu akisema ametoa dame wake, hazungumzii mchezo wa parkingi.

Walimu wa sataranji hutumia bei kuwasaidia wanaoanza. Pioni ni 1, farasi ni 3, askofu ni 3, mnara ni 5, malkia ni 9. Mfalme hana bei, maana akikamatwa mchezo umekwisha. Bei hizo zinaonyesha uzito wa kumtoa malkia. Ni kama mfanyabiashara wa Butembo anayeuza gari lake ili anunue mzigo mmoja. Kama mzigo hautafika, hatabaki na gari wala duka.

Kwa nini upande wa mfalme

Mwanzoni mwa mchezo mfalme amesimama katikati, mahali pa hatari, kwa sababu katikati ndiko milango inafunguka kwanza. Ndiyo maana wachezaji wengi hufanya roque mapema: mfalme anaruka miraba miwili kuelekea upande wake wa kulia au wa kushoto, na mnara unahamia ubavuni mwake kama mlinzi. Mara nyingi anakwenda upande mfupi, ule uitwao upande wa mfalme. Mfalme mweusi anafika mraba wa g8, na mbele yake kuna ukuta wa pioni watatu, kwenye f7, g7 na h7. Farasi aliyesimama f6 anamaliza ulinzi, maana anaiangalia h7, ambayo ndiyo tofali dhaifu la ukuta huo. Bila farasi huyo, h7 inalindwa na mfalme peke yake.

Sasa turudi kwenye swali letu la kula kwa lazima. Sataranji ina sheria moja inayofanana na ile ya dame, lakini inafanya kazi mahali pamoja tu. Mfalme akipigwa échec, yaani akitishwa kukamatwa, mwenyewe haruhusiwi kufanya jambo lingine lolote. Ana majibu matatu: kumhamisha mfalme, kuweka kete katikati ili kuziba njia, au kumla anayetisha. Kama hakuna pa kukimbilia na hakuna cha kuzibia, linabaki moja tu, kula. Hapo sataranji imegeuka kuwa dame.

Kumbe siri ya kutoa malkia karibu na mfalme ndiyo hiyo. Mchezaji hatupi kete yake akiomba adui awe mjinga. Anaitoa mahali ambapo hata adui mwenye akili kuliko wote hana ruhusa ya kuikataa.

London, 1912: mfalme aliyetembezwa

Mfano unaofundishwa sana ulichezwa London mwaka 1912, kati ya Edward Lasker na George Thomas. Haukuwa mchezo wa kombe. Walikuwa watu wawili wamekaa klabuni wakicheza kujifurahisha. Lasker alikuwa na kete nyeupe.

Katika hatua tano za kwanza Lasker alifanya jambo ambalo halikupigiwa makofi na mtu. Askofu wake alimla farasi mweusi wa f6, yule mlinzi wa h7, na askofu mweusi akalipiza akasimama pale pale f6. Kwa bei walilingana, 3 kwa 3. Lakini askofu wa f6 haioni h7. Ukuta umebaki na mlinzi mmoja pungufu.

Kisha Lasker akaleta watu wake mmoja mmoja. Farasi wa kwanza akakaa e4, wa pili akakaa e5. Askofu akakaa d3, nyuma ya farasi wa e4, kwenye njia ya kishoto-shoto inayokwenda moja kwa moja hadi h7. Hatua ya kumi, malkia akafika h5 akiitazama h7 uso kwa uso. Thomas alikuwa ameshafanya roque, mfalme wake yuko g8. Alijibu kwa kuleta malkia wake e7, akidhani amefunga mlango.

Hatua ya kumi na moja, malkia mweupe akala pioni wa h7. Échec. Ametoa kete ya 9, amepata kete ya 1.

Tazama majibu ya Thomas. Anaweza kuziba? Hapana, malkia amesimama karibu kabisa na mfalme, hakuna nafasi katikati. Anaweza kukimbia? Kwenye h8 malkia anamwona, na kwenye f7 farasi wa e5 anamngoja. Lililobaki ni kula. Mfalme akamla malkia, akasimama h7.

Hatua iliyofuata, farasi wa e4 akaruka akala askofu wa f6. Kwa kuruka huko alifanya mambo mawili kwa pamoja: yeye mwenyewe alimtisha mfalme, na alimfungulia njia askofu wa d3 aliyekuwa amejificha nyuma yake, naye akamtisha mfalme. Échec mbili kwa hatua moja. Ukipigwa échec mbili, huwezi kula wote wawili wala kuziba njia mbili, mfalme lazima akimbie. Angerudi h8, farasi mwingine angeingia g6 na mchezo ungeishia hapo. Kwa hiyo alikwenda mbele, h6.

Kuanzia hapo mfalme mweusi alitembezwa kama mtu aliyepotea njia usiku: h6, g5, f4, f3, g2, g1. Kila alipokanyaga alikuta échec nyingine, mara ya farasi, mara ya pioni mdogo, mara ya askofu, mara ya mnara. Alivuka ubao mzima kutoka nyumbani kwake hadi mstari wa kwanza wa adui. Hatua ya kumi na nane mfalme mweupe mwenyewe alisogea pembeni, akaufungulia mnara njia, na hiyo ikawa mat, mwisho wa mchezo. Kwa hatua nane mfululizo, tangu malkia alipotolewa, Thomas hakupata hata nafasi moja ya kutumia malkia wake, minara yake wala utajiri wake wote. Alikuwa tajiri asiye na dakika moja ya kwenda sokoni.

Wachambuzi walionyesha baadaye kwamba Lasker angeweza kumaliza kwa hatua chache zaidi. Hilo halipunguzi somo. Malkia alitolewa hatua ya kumi na moja, lakini kazi ya kumtoa ilianza hatua ya tano, pale mlinzi wa f6 alipoondolewa.

Hesabu tatu kabla ya kutoa

Kutokana na mchezo huo na mingine ya aina yake, mchezaji anaweza kuchukua maswali matatu ya kujiuliza kabla mkono haujagusa malkia.

La kwanza: nani ananisaidia, na nani anamlinda yeye? Hesabu kete zako zinazofika karibu na mfalme wake, halafu hesabu walinzi wake. Lasker alikuwa na malkia, farasi wawili na askofu. Thomas alikuwa na kete nyingi, lakini farasi wake mmoja na mnara wake mmoja walikuwa bado nyumbani hawajasogea, na askofu wake wa b7 alikuwa mbali, upande mwingine. Kete ambayo haiwezi kufika kwa wakati haihesabiwi, hata kama bei yake ni kubwa.

La pili: je, atalazimika kula? Kama kuna jibu lingine, litafute wewe kabla yeye hajalitafuta.

La tatu: baada ya kula, nina nini mkononi? Malkia ameondoka. Waliobaki wanaweza kumaliza kazi bila yeye? Paul Morphy, kijana wa Marekani, alijibu swali hilo vizuri mjini Paris mwaka 1858, akicheza ndani ya jumba la opera dhidi ya wakuu wawili walioshirikiana. Hatua ya kumi na sita alipeleka malkia wake b8. Farasi mweusi alilazimika kumla. Hatua ya kumi na saba mnara wa Morphy ukashuka d8, ukilindwa na askofu mmoja, ikawa mat. Alibakiwa na mnara na askofu wa kushambulia, na ndio hao tu aliowahitaji.

Maswali hayo matatu yanafaa hata kwa sadaka ndogo. Kuna shambulio la zamani ambalo Muitaliano Gioachino Greco aliliandika karne ya 17: askofu anakula pioni wa h7, mfalme anamla, farasi anaruka g5 na échec, kisha malkia anakuja h5. Wanaoanza wakijifunza wanataka kulifanya kila siku. Lakini kama farasi mweusi yuko bado f6, malkia wako hataruhusiwa kukaa h5, ataliwa. Kama mweusi ana kete inayoweza kumla farasi wako wa g5, shambulio limekufa njiani. Askofu amekwenda, na hakuna wa kumrudisha.

Moto unaozimika

Wanaoanza wengi hujifunza kwanza coup du berger: malkia na askofu wanatoka mapema, na kwa hatua nne adui asiyejua anapigwa mat kwenye f7. Mtoto akishinda hivyo mara moja, anaamini ameshakuwa bingwa. Lakini adui anayejua analeta farasi wake nje akimfukuza malkia, analeta askofu akimfukuza tena, na kila mara wewe unapokimbia yeye anajenga. Baada ya hatua kumi jeshi lake lote liko nje na lako bado limelala.

Hata mabingwa wamelipa deni hilo. Mikhail Tal wa Riga, Latvia, alikuwa mchezaji wa mashambulio na sadaka kuliko bingwa yeyote wa zama zake. Mwaka 1960, akiwa na miaka 23, alimshinda Mikhail Botvinnik kwa pointi 12.5 dhidi ya 8.5 na kuwa bingwa wa dunia. Botvinnik, mtu wa kitabu na kalamu, alirudi nyumbani akaichambua michezo hiyo. Mwaka uliofuata walikutana tena, naye akachukua taji lake kwa pointi 13 dhidi ya 8. Shambulio lilelile lililomvunja mwaka wa kwanza halikumtisha mwaka wa pili, kwa sababu safari hii alilisubiri akiwa amepiga hesabu.

Katwe, njia ya Kasindi

Msomaji atauliza: haya ya London na Paris yanatuhusu nini? Tuchukue basi njia tunayoijua. Kutoka Beni hadi Kasindi ni karibu kilomita 80. Unavuka mpaka kwa Mpondwe, unapita Kasese, unaendelea hadi Kampala. Huko kuna Katwe. Si ile Katwe ya ziwa la chumvi karibu na Kasese, ambayo wafanyabiashara wa kwetu wanaijua tangu mababu. Hii ni Katwe ya Kampala, mtaa wa watu maskini ambako mvua ikinyesha maji yanaingia nyumbani.

Hapo Robert Katende, kijana aliyekuwa yatima na aliyesomea uhandisi, alianza mwaka 2004 kuwafundisha watoto sataranji chini ya kazi ya kanisa. Watoto walikuja wakijua kwamba baada ya mchezo kuna uji. Mmoja wao alikuwa msichana Phiona Mutesi, ambaye alikuwa ameacha shule kwa kukosa pesa na aliuza mahindi barabarani. Alimfuata kaka yake siku moja mwaka 2005, akiwa na umri wa kama miaka tisa. Hakujua kusoma vizuri. Ubao aliujua haraka.

Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Siberia. Miongoni mwa waliomshinda alikuwa Dina Kagramanov wa Canada, mwenye uzoefu mkubwa kuliko yeye. Hakurudi nyumbani na medali, lakini alirudi akijua vipimo vya dunia. Mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya Istanbul, alipata cheo cha kimataifa cha wanawake, naye akawa mmoja wa wanawake wa kwanza wa Uganda kuwa na cheo hicho. Mwaka huohuo kitabu kuhusu maisha yake kilitoka, na mwaka 2016 ikafuata filamu ya Disney, Lupita Nyong'o akicheza kama mama yake. Baadaye Phiona alikwenda Marekani kusoma chuo kikuu.

Hadithi hii inasimuliwa mara nyingi kama muujiza. Ukiitazama vizuri utaona hesabu: mwalimu mmoja aliyekuja kila siku, ubao, sufuria la uji, na miaka saba kati ya siku ya kwanza na cheo.

Mtoto mkimbizi na askofu wake

Mfano mwingine uko mbali zaidi, lakini wakaaji wa Beni hawatahitaji kuelezewa chanzo chake. Mwaka 2017 familia moja ya Wakristo iliikimbia Nigeria kwa kuogopa Boko Haram, ikafika New York na kulala katika makazi ya watu wasio na nyumba. Mtoto wao Tanitoluwa Adewumi, wanayemwita Tani, alijifunza sataranji shuleni, na klabu ilimsamehe ada kwa sababu wazazi hawakuwa nayo. Mwezi wa tatu 2019, akiwa na miaka minane na bado analala katika makazi yale, alikuwa bingwa wa jimbo la New York kwa watoto wa umri wake.

Katika mmoja wa michezo yake alimtoa askofu kwa kupata pioni mmoja tu, 3 kwa 1. Mwalimu wake alishtuka. Walipouingiza mchezo huo kwenye kompyuta, mashine ilikubaliana na mtoto: hatua chache mbele, nafasi yake ilikuwa bora kuliko kabla ya kutoa. Mwaka 2021, akiwa na miaka 10, alipata cheo cha taifa cha master nchini Marekani.

Karibu nasi zaidi, katika kambi ya Kakuma kaskazini magharibi mwa Kenya, ambako wamo pia wakimbizi wa Congo, shirikisho la sataranji la dunia FIDE na shirika la wakimbizi UNHCR walianza mwaka 2021 mradi wa kufundisha mchezo huu, hasa kwa wasichana. Ubao unabebeka ndani ya kifurushi cha mkimbizi, na sheria zake ni zilezile popote anapofika.

Ubao na mji

Tunaandika neno shambulio tukijua kwamba mjini Beni si neno la mchezo. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika Beni na vijiji vyake yamezifanya familia nyingi kuhama zaidi ya mara moja. Ilifuata Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Tangu Mei 2021 Kivu ya Kaskazini iko chini ya hali ya dharura. Watoto wamepoteza siku za masomo ambazo hakuna kalenda itakayozirudisha, na jioni nyingi mlango unafungwa mapema.

Mchezo wa ubao hauondoi hata moja katika hayo. Lakini unafaa kwa jioni kama hizo. Unachezwa ndani, kwa sauti ya chini, kwa taa ndogo. Kipande cha katoni, kalamu na vifuniko 32 vilivyoandikwa herufi vinatosha. Mwenye simu na megabaiti kidogo anaweza kucheza bure kwenye tovuti ya Lichess, ambayo haitozi pesa na haina matangazo. Mwalimu wa shule ya msingi asiye na kitu kingine anaweza kuchora ubao kwa chaki, akawauliza wanafunzi swali moja tu: mfalme yuko g8, nani anailinda h7?

Na kuna jambo ambalo ubao unalifundisha vizuri kuliko hotuba. Katika eneo letu vijana wamesikia mara nyingi wakiambiwa wajitoe, watangulie, wasiogope, na wasemao hivyo mara nyingi wako mbali na mraba wa hatari. Mtoto aliyezoea kuuliza maswali matatu atayauliza hapo pia. Nani yuko pamoja nami? Adui analazimika kweli, au tunaomba awe mjinga? Nikishaondoka, nani anabaki kumaliza kazi, na kazi yenyewe ni ipi?

Lasker alimtoa malkia wake, na mchezo ulipokwisha kete zote zilirudi ndani ya sanduku moja, malkia akiwemo. Kesho yake angeweza kupangwa tena na kusimama mraba wake uleule. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mbao na vifuniko vya chupa. Mtu harudi sandukuni akapangwa tena. Kwa hiyo mwenye kutaka kujifunza kutoa, aanzie hapa, kwenye katoni, ambako kukosea hesabu kunamgharimu kifuniko kimoja, na mwenzake anacheka, na wanapanga upya.